Ramani ndogo, raia wenye kikomo: mipaka ya michezo ya kujenga miji inatoka wapi?

SWALI: Mimi na wenzangu tumecheza michezo ya kujenga miji kwa miaka mingi, na kila mpya unapotoka ugomvi ni uleule. Wengine wanasema ramani ni ndogo mno, raia wana kikomo, barabara zinakataa kupinda, na kwamba yote hayo ni uvivu wa watengenezaji. Wengine wanasema mipaka ndiyo mchezo wenyewe, na anayetaka uhuru achukue kalamu na karatasi achore. Mimi niko katikati. Mipaka hii hasa inatoka wapi? Na nitajuaje, kabla sijatoa pesa yangu, kwamba mpaka fulani utanikera au utanipa raha?

JIBU: Ndugu msomaji, nitakujibu nikiwa upande wa wanaochora mipaka hiyo. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuandika programu za uigaji, zile zinazojaza watu wa kubuni barabarani na kuwaacha waende zao. Kwa ninavyoona, kambi zote mbili zinagombania kisicho chenyewe. Ramani ndogo peke yake haitoshi kuharibu mchezo. Unaoharibu ni mpaka uliofichwa, au mpaka uliopewa sababu isiyo yake. Ila ili uone kwa nini nasema hivyo, inabidi tufungue boneti.

Wachezaji wa Cities: Skylines ya kwanza, iliyotoka Machi 2015, wengi wao wanaijua kwa moyo namba 65,536. Ndiyo idadi ya juu kabisa ya raia wanaoweza kuwa safarini kwa wakati mmoja, wawe wanatembea kwa miguu au wamo ndani ya vyombo. Skrini inaweza kukuandikia kwamba mji wako una watu laki tatu, lakini walioko njiani hawatavuka hapo, na safari za waliobaki hazianzi. Magari yanayotembea yana kikomo chake, 16,384. Majengo ni 49,152. Vipande vya barabara ni 36,864, na vifundo vinavyounganisha vipande hivyo ni 32,768.

Namba hizi zinaonekana kama zimeokotwa njiani, lakini zina ukoo. Ndani ya kompyuta kila raia, kila gari na kila jengo lina namba yake ya usajili. Watengenezaji waliamua kwamba namba hiyo, kwa vitu vingi, iandikwe kwa biti 16, yaani tarakimu 16 za sifuri au moja, na biti 16 haziwezi kutaja vitu zaidi ya 65,536. Zile nyingine ni ndugu zake: 32,768 ni nusu, 16,384 ni robo, 49,152 ni robo tatu. Utauliza, kwa nini wasingetumia biti 32 kote waondokane na kero? Kwa sababu prosesa hukimbia pale data inapokuwa fupi, imepangwa safu moja kama matofali, na imetengewa nafasi yake tangu mchezo unapowashwa. Ukirefusha kila namba na kuongeza kila safu, kumbukumbu inanenepa, na prosesa inamaliza muda wake ikingoja data ifike badala ya kuifanyia hesabu. Wakazi kwa ujumla wao, wakiwemo walio majumbani ambao kwa dakika hiyo hawachorwi wala hawatafutiwi njia, walipewa nafasi pana zaidi: 1,048,576. Hapo unaona kabisa kwamba mtu alikaa akapima ni nani wa gharama na ni nani wa bei nafuu.

Studio iliyofanya hesabu hizo, Colossal Order ya mji wa Tampere huko Ufini, ilikuwa na watu kama 13 tu. Neno uvivu haliwafai hata kidogo.

Sasa tazama kilichotokea kwenye ramani yao. Mchezo ulikuruhusu kununua vigae 9, yaani vipande vya mraba vya ardhi, kila kimoja na upande wa karibu kilomita 1.9, jumla kama kilomita za mraba 33. Mashabiki hawakukubali. Haukupita muda wakatengeneza nyongeza zao wenyewe za kufungua vigae 25, kisha 81, yaani ramani nzima mpaka kwenye milima iliyowekwa kwa ajili ya kupendezesha macho. Sasa walikuwa na karibu kilomita za mraba 300, na kelele za furaha zilikuwa kubwa.

Fanya hesabu ndogo pamoja nami. Vipande vya barabara havikuongezeka, ni vilevile 36,864. Ukivitandaza kwenye vigae 9 unapata kama vipande 1,100 kwa kila kilomita ya mraba. Ukivitandaza kwenye vigae 81 unabaki na takriban 123. Aliyetaka jiji kubwa kuliko yote alijikuta na mitaa iliyotengana, imeunganishwa kwa barabara ndefu kupitia pori, na magari yake 16,384 yametawanyika kama mchele uliomwagika uwanjani. Wahenga walisema ukubwa wa pua si wingi wa makamasi. Kwa macho yangu, vigae 9 ndipo namba zote za mchezo ule zinapokaribia kuisha kwa pamoja, na nafasi hiyo haikupatikana kwa kubahatisha.

Nafasi ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni muda, na huu ndio unaonikosesha usingizi mimi kazini. Mchezo unaotaka kuonyesha picha 30 kwa sekunde una milisekunde 33 za kufanya kila kitu kabla picha inayofuata haijadaiwa: kuchora majengo, kusogeza magari, kukusanya kodi, kuamua nani anahama na nani anaoa. Moja ya kazi nzito kuliko zote hapo ni kumtafutia mtu njia kutoka mlangoni kwake hadi kazini. Ongeza upande wa ramani mara mbili, na eneo linakuwa mara nne. Lijaze kwa msongamano uleule, na watu wanakuwa mara nne. Halafu safari zao sasa ni ndefu, kwa hiyo kila utafutaji wa njia unapita makutano mengi kuliko zamani. Gharama inapanda zaidi ya mara nne. Mtengenezaji anaposimama jukwaani kutangaza ramani kubwa bila kusema amepunguza nini kwingine, mimi huanza kutafuta alikopunguza.

Skylines ilipunguza kwenye akili ya dereva. Gari likiondoka lilichaguliwa njia mara moja tu, kwa kuangalia umbali na kasi inayoruhusiwa. Foleni iliyokuwepo haikupewa uzito mkubwa. Ndiyo maana ya ile picha iliyowaudhi watu wengi: barabara ya leni tatu kila upande, mbili tupu kabisa, na magari yote yamejipanga kwenye moja kwa sababu mbele huko kuna mahali pa kukata kona. Na gari likikwama mno, lilifutwa kimyakimya. Wachezaji waliiita akili mbovu. Mimi naiita bajeti, na ningeweza kuitetea, isipokuwa huo ufutaji wa kimyakimya. Huo siutetei. Ulizifanya foleni mbaya zionekane nafuu, na mchezaji akajifunza jambo lisilo la kweli kuhusu barabara alizozichora mwenyewe. Mashabiki walipotengeneza nyongeza za kuzima ufutaji huo, wapo waliowasha wakaona mji waliokuwa wakijivunia ukisimama wote, kuanzia njia kuu hadi uchochoroni. Maradhi yalikuwepo muda wote. Mchezo ulikuwa unayafunika.

Kambi ya pili, ile ya kalamu na karatasi, ina hoja nzuri, ila mara nyingi inatetewa kwa mifano dhaifu. Wape wenzako mfano wa Caesar III wa mwaka 1998. Humo huduma husambazwa na watembezi: kuhani, daktari, mwuza soko, kinyozi. Mtembezi akitoka kwenye jengo lake huzunguka umbali fulani kisha hurudi, na akifika njia panda huchagua upande kwa bahati nasibu. Nyumba asiyopita karibu nayo inakosa huduma na kushuka daraja. Kiufundi ule ulikuwa ukata mtupu, maana kurusha kete ni rahisi mno kwa kompyuta kuliko kutafuta njia. Mgeni akiingia kwenye mchezo huo leo anakasirika ndani ya saa moja: kwa nini daktari ameenda machungani wakati mtaa mzima unaumwa?

Lakini tazama wachezaji walifanya nini. Waligundua kwamba mtembezi asiye na njia panda hana kete ya kurusha. Wakaanza kujenga mitaa ya mzunguko, barabara moja iliyofungwa, urefu wake umepimwa ili kila mtembezi aumalize mtaa wote na kurudi kwake. Kutokana na udhaifu wa programu ukazaliwa ufundi mzima wa kupanga miji, wenye mabingwa wake na mabishano yake. Watengenezaji waliyaona hayo. Walipotoa Pharaoh mwaka 1999 waliwaacha watembezi na kete zao zilezile, wakampa mchezaji kitu kimoja kipya: kizuizi cha barabarani, ambacho mtembezi wa kuzunguka hakipiti lakini mwenye safari maalumu anakipita. Kipande kimoja kidogo, cha bei ndogo, na mpaka uliokuwa kero ukageuka chombo mkononi mwa mchezaji. Katika historia yote ya michezo hii, sijui uamuzi ninaouheshimu kuliko huo.

Ipo mifano mingine ya aina hiyo na nitaipita haraka. Mini Motorways hukupa vipande vichache vya barabara kila wiki ya mchezo, na raha yote imo katika uhaba huo. Ukipewa barabara bila kikomo hakuna kilichobaki cha kucheza. Frostpunk ya mwaka 2018 inakuweka kwenye shimo la barafu lenye jenereta katikati, na kwa kuwa joto hutoka hapo, mji hukua kwa duara na kila jengo linagombania ukaribu. Halafu Frostpunk 2, mwaka 2024, ikaacha jengo moja moja na kuleta wilaya zinazowekwa kwenye vigae vya pembe sita. Mashabiki wengi walihisi wamenyang'anywa mkono. Nawaelewa. Kigae cha wilaya kilikuwa na mantiki yake, kwani mchezo ule wa pili ulikuwa wa mabaraza na makundi ya kisiasa zaidi kuliko wa kuta na mabati, lakini mtu aliyependa kuamua nyumba ya nani ikae karibu na moto alikuwa na haki ya kuona kwamba huu ni mchezo mwingine wenye jina lilelile.

Hapa sasa nifike SimCity ya mwaka 2013, na nitakaa kidogo, maana nadhani ndiyo iliyofanya mashabiki wa leo wawe wakali namna hii.

Kwanza ilikuwa na mpaka ninaoupenda. Ukitazama miji yake hutaona maeneo mapana ya kuegesha magari. Stone Librande, aliyekuwa mbunifu mkuu, alieleza kwamba walipochunguza miji halisi walishangazwa na ukubwa wa ardhi inayoliwa na maegesho, na kwamba wangeyaweka kwa uwiano wa kweli mchezo ungechosha. Wakayachukulia kuwa yako chini ya ardhi. Huo ni uamuzi wa mbunifu, ulielezwa waziwazi, na ukishausikia unaweza kuukubali au kuukataa ukiwa umefumbua macho.

Kisha ukaja mpaka wa ramani. Kila mji ulipewa kiwanja cha kilomita 2 kwa 2. SimCity 4, iliyotoka miaka kumi kabla, iliruhusu hadi kilomita 4 kwa 4. Mchezo mpya, kompyuta zenye nguvu zaidi, na eneo limekuwa robo. Maxis, studio iliyoutengeneza, walisema sababu ni uigaji wenyewe: safari hii kila kitu kingekuwa kitu kinachosafiri, mfanyakazi, maji, umeme, hata maji taka, vyote vikipita barabarani hatua kwa hatua. Uigaji wa aina hiyo una gharama, na Oktoba 2013 walitangaza kwamba baada ya majaribio ya miezi kadhaa wameacha mpango wa miji mikubwa, kwa sababu kompyuta za wachezaji walio wengi zisingeiweza. Watu walitukana. Mimi niliwaamini, na bado nawaamini. Hesabu ya mara nne niliyokuonyesha hapo juu inawakuta hata wao.

Tatizo lilikuwa kwamba mchezaji alikubali kiwanja kidogo kama malipo ya uigaji wa kweli, na alipouchunguza huo uigaji akakuta si alioambiwa. Mfanyakazi alitoka asubuhi akaenda kwenye kazi ya karibu yenye nafasi, awe mwashi au mhasibu, na jioni akarudi kwenye nyumba ya karibu iliyo wazi, ambayo haikulazimika kuwa yake. Kesho yake alikuwa mtu mwingine mwenye anwani nyingine. Idadi ya watu iliyoandikwa kwenye skrini nayo ilikuwa imetiwa chumvi: mji ukishakua, namba iliyoonyeshwa ilizidi watu waliokuwa wakiigwa kweli, na mashabiki waliochimba faili za mchezo waliikuta hesabu hiyo ya kuongezea.

Juu ya hayo kukawa na seva. Mchezo ulikataa kufunguka bila intaneti, na maelezo yalikuwa kwamba sehemu ya hesabu za mji hufanywa kwenye seva za kampuni. Wiki ya kwanza seva zikazidiwa, watu walionunua kihalali wakabaki kutazama foleni ya kuingia, na kasi ya juu kabisa ya mchezo ikazimwa ili kupunguza mzigo. Siku chache baadaye shabiki mmoja akaonyesha mji ukiendelea kufanya kazi bila mtandao. Seva zilikuwa na kazi yake katika kuunganisha mji wako na ya majirani, lakini hazikuwa pumzi ya mji wenyewe. Machi 2014 likaja sasisho lililoruhusu kucheza bila mtandao. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Unaona basi mambo mawili yalivyochanganyika? Kiwanja kidogo kilikuwa mpaka wa kweli wa mashine. Seva ya lazima haikuwa. Kwa kuwa ya pili ilipewa sababu isiyo yake, hakuna aliyetaka tena kuamini ya kwanza. Mwaka 2015, mwezi uleule Skylines ilipotoka na kuuza nakala 250,000 ndani ya saa 24, ofisi ya Maxis huko Emeryville ilifungwa. Tangu hapo mtengenezaji yeyote akisema "kompyuta haziwezi", shabiki husikia "tunakudanganya". Wenzako wanaopiga kelele za uvivu wamebeba kidonda hicho, hata kama wengine walikuwa bado hawajaanza kucheza wakati huo.

SimCity 4 nayo haikuwa na muujiza, usidanganyike na sifa zake. Iliruhusu eneo kubwa kwa sababu iliukata mkoa vipandevipande na kuuendesha mji mmoja tu kwa wakati, huku majirani wamegandishwa kama ulivyowaacha. Ikazaa kituko chake: wasafiri wa milele, watu waliovuka mpaka kwenda kazini mji wa jirani, wakakuta barabara inayowavusha kwenda wa tatu, na kuendelea kuzungushwa kwenye mipaka bila kufika kazini. Kiungo kati ya miji kilikuwa chembamba kiasi hicho.

Oktoba 2023 ikatoka Cities: Skylines II, na ilikuja kama jibu la kila lalamiko. Vigae 441, jumla kilomita za mraba 159, karibu mara tano ya mtangulizi wake. Vile vikomo vya raia na magari vikaondolewa kwenye msimbo. Dereva akapewa akili ya kupima muda, fedha, raha na tabia kabla ya kuchagua njia. Maegesho, yale ambayo Maxis waliyazika ardhini, yakawa halisi, na gari likikosa pa kusimama dereva huhesabu hasara. Kwenye karatasi, kambi ya kwanza ilikuwa imeshinda.

Siku chache kabla ya kutoka, watengenezaji wenyewe walikiri kwamba kasi ya mchezo haijafikia lengo lao. Nawapa heshima kwa hilo, ingawa ingekuwa heshima zaidi kusogeza tarehe. Kadi za michoro za gharama kubwa zililemewa. Waliochunguza walikuta raia wamechongewa meno kamili kinywani bila kuwa na umbo jepesi la kuonyeshwa wakiwa mbali, kwa hiyo kompyuta ilikuwa ikihangaika na meno ambayo hakuna jicho lingeyaona. Mambo kama hayo hurekebishika, na mengi yalirekebishwa kwa masasisho. Lisilorekebishika ni jambo la msingi: mji ukishakua sana, prosesa haiwahi, na saa ya mchezo inaanza kwenda polepole. Magari yanatambaa. Mwaka wa mji unachukua jioni yako nzima. Mpaka ulioondolewa kwenye msimbo ulihamia mezani kwako, ndani ya kompyuta yako, na sasa wachezaji wawili walionunua mchezo uleule wana mipaka tofauti kulingana na mifuko yao.

Je, huo ni mpango mbaya? Mimi ninaupendelea kidogo kuliko kikomo kigumu, kwa sababu mwenye mashine nzuri miaka mitano ijayo ataenda mbali zaidi na mchezo uleule. Kikomo cha 65,536 hakitajali umenunua nini. Lakini nina sharti: niambiwe. Nikiwa nafungua kigae cha mia, mchezo uniandikie kwamba kwa kompyuta hii uigaji utapungua kasi. Kuniachia nigundue mwenyewe baada ya wiki za kujenga ni kuniibia wiki hizo.

Umegusia barabara zinazokataa kupinda, na hapo ngoja niseme kidogo, maana watu hulichukulia suala hilo kama la mashine wakati si lake. Mfululizo wa Anno tangu mwaka 1998 ulishikilia gridi ya pembe mraba, hadi Anno 117: Pax Romana, Novemba 2025, iliporuhusu barabara na majengo ya mshazari wa digrii 45. Wapo waliosherehekea, wapo waliouliza kwa nini wasifungulie pembe zote. Kompyuta ya leo haishindwi na barabara ya kupinda. Ila Anno ni mchezo wa kuhesabu: mashamba mangapi kwa kinu kimoja, nyumba ngapi ndani ya upeo wa soko. Gridi inamruhusu mchezaji kuhesabu kwa macho. Ukifungulia kila pembe, kati ya jengo na jengo hubaki vipande vya ardhi visivyofaa kitu, na mwenye kupenda hesabu anajikuta akipigana na mabaki hayo. Digrii 45 ni suluhu ya katikati, na mimi naiona ya busara. Anayejenga ili mji wake upendeze tu ataiona bado inabana, na hakosei. Ametafuta raha yake kwenye mchezo uliotengenezewa watu wa hesabu.

Hilo linanileta kwenye pesa yako. Kabla ya kununua, usiangalie video ya matangazo, maana mji wake umepigwa picha ukiwa umesimama. Tafuta rekodi ya mchezaji wa kawaida aliyefika mbali, mji ukiwa umejaa, na utazame saa ya mchezo kuliko majengo: inakwenda kasi ileile kama mwanzo? Soma watengenezaji walipoulizwa kuhusu mpaka unaokutia shaka. Akijibu kwa kueleza walichopata kwa kuuweka, na mchezo wenyewe unaonyesha hicho alichokitaja, hata kama hukipendi umeshajua unanunua nini. Akijibu kwa jambo la jumla kuhusu "uzoefu bora", ngoja. Mwezi mmoja baada ya kutoka mashabiki watakuwa wamefungua faili zote na ukweli utakuwa mezani. Na uangalie kama mchezo unapokea nyongeza za mashabiki, kwa sababu mpaka uliowekwa kwa hofu ya watengenezaji hufunguliwa na mashabiki mapema, wakati ule uliojengwa kwenye mifupa ya mchezo hubaki palepale hata ukifunguliwa, kama tulivyoona kwenye vigae 81.

Na kama bado una mji wako wa zamani wa Skylines ya kwanza, zipo nyongeza zinazoonyesha ni kiasi gani cha kila kikomo umeshatumia. Ufungue mji wako mkubwa kuliko yote na wenzako wakiwepo, mtazame ni kipi kilichokaribia kuisha: vifundo, magari au raia walioko safarini. Kama ni vifundo, umekuwa ukitandaza mji. Kama ni raia walioko safarini, umekuwa ukiubana. Mkishaona hilo, rudini kwenye ramani ya mchezo mpya mnaougombania na muulizane kama ukubwa wake ndio uliokuwa ukiwabana tangu mwanzo.